Lori la Masasi na Mama Claudia

Shangazi yangu Leonia, ambaye Newala nzima walimwita Mama Claudia, hakuwa mtu wa kubembelezana. Enzi za vita vya Msumbiji, wakimbizi walipomiminika kijijini Makote na pampu ya maji ikafa, halmashauri ilimpa yeye kazi ya kusimamia misaada. Masasi wakatuazima lori lao la maji pamoja na msimamizi wake, Mzee Muharami.

Ubishi ulianza kabla injini haijazimwa. Muharami alitaka maji yashushwe mjini, kama alivyoagizwa kwao.

"Shikamoo, Mzee," shangazi akamwambia. "Huko Masasi hamlimi kwa ujima?"

"Marahaba. Tunalima, tena kuwashinda nyinyi wavivu wa mlimani."

"Basi mwenye shamba ndiye anayeonyesha pa kulima. Maji yanakwenda Makote."

Mzee akacheka. "Sawa, Mama Claudia. Lakini mwenye shamba hamnyang'anyi mgeni jembe. Lori na dereva ni juu yangu."

Wakapatana hivyo, na kazi ikaenda vizuri, utani haukukatika.

Kisha siku moja asubuhi breki zikaanza kutoa moshi kwenye mteremko wa Kitangari, tulikoteka maji. Muharami akasema gari halishuki tena mpaka litengenezwe. Hapo akatokea Cuthbert, mkubwa wa shangazi kwenye kamati ya misaada, mtu wa amri nyingi na subira haba.

"Lori liko Newala, litii Newala! Dereva, washa!"

Dereva akamtazama shangazi. Makote hawakuwa na tone. Mimi niliyesimama kando, nasema kweli, ningewasha. Shangazi alichomoa ufunguo, akamkabidhi Muharami.

"Haliendi. Mwenyewe amekataa."

"Na watu wakishikwa na kiu, nani atawaambia?"

"Nitawaambia mimi."

Akaenda Makote kwa miguu. Alipita kwanza kwa wenyeji, akawaomba wafungue visima vyao vya maji ya mvua. Wengine walinuna, lakini walitoa, kila nyumba ndoo. Ndipo akasimama mbele ya wakimbizi.

"Lori haliji leo. Breki ni mbovu. Aliyelizuia ni mimi. Kuna maji kidogo ya wenyeji, tugawane hayo."

Bibi mmoja, Sijaona, aliyevuka Ruvuma na mjukuu mgongoni, akainuka na kumsogezea kigoda chake.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Kule tulikotoka, wanaotunyima hawaji kutuambia."