Asubuhi Tuliyopeleka Bastola Polisi

Nimeishi Sydney miaka kumi na tisa, na kwa muda wote huo kosa langu kubwa mbele ya sheria lilikuwa kupanda treni pale Quakers Hill bila kugusisha kadi ya nauli. Nalitaja ili msomaji aelewe kwamba mtu aliyekuwa ameshika usukani Jumamosi ile, bastola ikiwa garini na askari dirishani, hakuwa na uzoefu wowote wa mambo hayo.

Bastola haikuwa yangu. Kusema kweli haikuwa ya mtu yeyote aliye hai. Kuna mama mmoja Mrundi anayekaa Ingleburn, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mzee mmoja aliyemwogesha na kumlisha kwa miaka minne alifariki, na binti wa marehemu akampa mama cherehani ya zamani, ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao na droo pembeni. Zawadi ilimpata mwenyewe, kwa sababu mama ni fundi nguo. Alishona katika kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi na tatu kabla hajaletwa huku. Alipokuwa anaisafisha, droo ya chini ikakwama. Aliing'oa kwa nguvu, akakuta nyuma yake kitambaa chenye grisi, na ndani ya kitambaa bastola ndogo nyeusi, pengine kumbukumbu ya vita vya baba wa yule mzee.

Alinipigia simu mimi. Watu wetu wanaamini kwamba mwenye shahada mbili na miwani lazima atakuwa anajua la kufanya. Nafanya kazi katika ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi chuoni na sijawahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja, lakini mama huniita mwalimu, nami sijawahi kumsahihisha.

"Mwalimu," alisema, "njoo ku nyumba. Iko kitu hapa siwezi kukisema ku simu."

Kwa jinsi tulivyolelewa, alikuwa sahihi. Jambo zito halisemwi kwa simu. Iwe msiba, posa au ugomvi wa ndoa, unavaa vizuri, unakwenda, unasalimia, unakaribishwa kiti na chai, ndipo unasema kilichokuleta. Nilikwenda. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani kwake na kwangu, nikanywa chai. Kisha akanyanyua kile kifuniko cha wavu cha kukinga chakula na inzi, na hapo juu ya sahani ilikuwepo bastola.

Niliikagua. Maana yake ni kwamba niliigusa kwa mwiko.

"Ni ya zamani," nikasema kwa sauti ya mtaalamu. "Haina kitu."

Binti yake, muuguzi, alikuwa anafunga kamba za viatu aende zamu. Huyu anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Bila kuinua kichwa akasema tupige simu polisi, watakuja wenyewe kuichukua, basi. Alipotoka, mama na mimi tulitazamana kwa huruma waliyonayo wakubwa kwa watoto waliokulia Ulaya, ingawa hapa si Ulaya.

"Simu!" mama akasema. "Waje hapa na magari matatu, majirani wote wasimame inje. Na mimi mapapie zangu ziko bado ku meza ya serikali."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito, kwenye hizo karatasi zake. Ombi lake la uraia lilikuwa limekubaliwa. Barua aliihifadhi ndani ya Biblia, akaitoa akanipa nisome tena, ingawa nilikwisha kumsomea mara mbili. Kilichobaki kilikuwa kula kiapo, mwezi uliofuata. Mtu fulani kanisani alikuwa amemwambia kwamba mpaka siku ya kiapo serikali inaweza kubadili mawazo. Nilitamani kumwambia ni uzushi, lakini barua yenyewe ilisema karibu hivyo hivyo, kwa lugha ya adabu.

"Kambini," akasema, "ukipeleka bunduki moja polisi, wanakuuliza ya pili iko wapi."

"Hapa si kambini, mama."

"Najua. Si ndiyo sababu nataka nibakie?"

Tukakata shauri twende wenyewe, watu wazima wawili, tumevaa kiheshima, mpaka kituo cha polisi Campbelltown. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa serikali unaoeleza kwamba mtu akisalimisha silaha kwa hiari hashtakiwi. Sikuusoma mpaka chini. Chini, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, wameandika upige simu kwanza na usubiri maelekezo. Mimi nilitoa maelekezo yangu: bastola iwekwe ndani ya kopo la biskuti, kopo liwekwe kwenye buti la gari, buti lifungwe kwa ufunguo. Mama aliingia chumbani kubadili nguo, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani na kingine amejifunga kiunoni, kopo mkononi. Akaliweka kwenye buti mwenyewe. Nikafunga, nikajiona mtu makini sana.

Hatukwenda mbali. Ilikuwa yapata saa tatu, jua zuri, na baada ya mzunguko wa barabara tukakuta koni za rangi ya machungwa na askari wanasimamisha magari yote kupima pombe. Nchi hii hupima kila dereva, awe anatoka baa au anakwenda ibadani, hata asubuhi kweupe. Nimepimwa mara nyingi. Unahesabu mpaka kumi mbele ya kifaa, unaambiwa nenda, unakwenda.

Aliyekuja dirishani alikuwa askari wa kike, kijana, pua imepakwa krimu nyeupe ya jua. Aliniita "mate", yaani rafiki kwa Kiingereza cha huku, na kunipa kifaa. Nilihesabu mpaka kumi na mbili. Akatazama, akasema sina kitu, naweza kwenda.

Ningeweza kwenda. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kuanza salamu. Nikamuuliza asubuhi yake ikoje. Nikampa pole kwa kazi na kwa jua. Nikamuuliza kama ameshapata chai. Mtu mwenye hofu hurudi kwenye malezi yake, na malezi yangu yanasema usimpite mtu mwenye kazi ngumu kama unapita nguzo. Naye, maskini, labda hakuna aliyekuwa amemsalimia tangu alfajiri. Akaegemea mlango, akacheka, akasema chai bado, kisha akauliza kama mtu yeyote muungwana angeuliza: "Na nyinyi mnaelekea wapi leo?"

"Kwenu," nikasema.

"Kwetu wapi?"

"Polisi."

Tabasamu likapungua kidogo. "Kuna shida?"

Nina shahada mbili, na ya pili nilifaulu vizuri. Katika Kiingereza chote nilichonacho ningeweza kuchagua maneno kama "kusalimisha" au "tulikuta" au "marehemu". Nilichagua haya: "Tuna bunduki."

Akarudi nyuma hatua mbili. Mkono wake mmoja ulikwenda kiunoni, mwingine ukainuka kumwita mwenzake. Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na hilo lilinitisha zaidi. Akaniambia niweke mikono juu ya usukani, nisiiondoe. Akauliza iko wapi. Nikamjibu haraka: kwenye buti, ndani ya kopo la biskuti, tumeikuta kwenye cherehani, tunaileta.

Mama, ambaye Kiingereza cha haraka humpita, akaniuliza askari anataka nini.

"Anauliza ile kitu iko wapi. Nimemwambia iko kwenye buti."

"Haiko ku buti, mwalimu."

Nikageuza shingo polepole, kama kinyonga.

"Buti ndiyo askari wanafungua ya kwanza," akanieleza kwa subira. "Kiuno ya mama hakuna mutu anafungua. Iko hapa. Ngoja nimpatie." Na mkono wake ukaanza kushuka kuelekea fundo la kitenge.

Sijawahi kumpigia kelele mtu anayenizidi umri. Siku hiyo nilipiga. "Mama, usiguse! Weka mikono mbele, juu ya dashibodi! Usiguse kabisa!"

Aliiweka, ameudhika. "Kwani haitaki?"

"Anasema nini?" askari akauliza. Sasa walikuwa wawili, mwenzake upande wa pili.

Nilimtafsiria. Sikupunguza neno, kwa sababu sikuwa na akili ya kupunguza. Nikasema: anasema haiko kwenye buti, ameifunga kiunoni, na anauliza kama huitaki.

Hapa ndipo shukrani yangu inapoanzia, na mpaka leo haijaisha. Nimeifikiria nukta ile mara nyingi, nikiwa kwenye foleni au nikipiga mswaki. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa, na mtu mwenye woga na silaha hahitaji sababu nyingi. Mbele yake kulikuwa na watu wawili weusi, wanapiga kelele kwa lugha asiyoijua, na mmoja ana bastola chini ya nguo. Alivuta pumzi. Niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Kisha akasema nami, taratibu: "Mwambie mama nakuja upande wake. Mwambie nitaishika mimi, yeye asiishike. Mwambie sitafanya haraka."

Nikamwambia mama, "Huyu binti anaomba ruhusa akusogelee."

Mama akamtazama kupitia kioo, akamkagua kama anavyokagua mshono. "Aje tu, binti yangu," akasema.

Akashuka wakati alipoambiwa ashuke, akainua mikono pembeni kama mteja anayepimwa gauni. Yule askari akavaa glavu na kuanza kushughulika na fundo. Halikufunguka. Fundo la mwanamke aliyevuka mipaka miwili kwa miguu akiwa amefunga mali yake yote kiunoni si fundo la kufunguliwa na mgeni.

"Mwambie asivute," mama akaniagiza. "Asukume ile ya kushoto ndani kwanza."

Nikatafsiri: sukuma upande wa kushoto ndani kwanza.

"Huu?" askari akauliza.

"Siyo ile! Ingine!"

Nikatafsiri na hilo. Yule mwenzake alikuwa ananitazama mimi, mkono karibu na silaha yake, na nadhani midomo yake ilianza kutetemeka kwa kucheka. Fundo likaachia. Bastola ikatoka, imefungwa leso yenye maua. Askari akaigeuza kuelekea ardhini, akahangaika nayo, akatoa kile kijisanduku cha risasi. Ndani zilikuwemo mbili.

Mimi, mkaguzi wa mwiko, nikakaa chini kwenye majani.

Tulikaa pale pembeni ya barabara karibu saa nzima wakisubiri amri ya mkubwa wao kwa simu. Mwenzake alituletea maji. Mama hakuwa anaitazama bastola wala askari. Alikuwa anatazama magari yanayopita.

"Kiapo imeisha, sindiyo?" akaniuliza. "Uniambie tu. Usinifiche kama mtoto."

Nikainuka, nikamwendea yule askari wa kike, nikamweleza habari ya barua na mwezi ujao. Hakuniambia nisijali. Alisema uraia si kazi yake na hawezi kuahidi kitu kilicho mkononi mwa wengine. "Lakini ninachokiandika mimi ni changu," akasema, "na nitawasomea." Akasoma mstari kwa mstari, nami nikatafsiri: kwamba dereva alieleza mwenyewe bila kuulizwa habari ya silaha, kwamba walikuwa njiani kuisalimisha, kwamba mama alitoa ushirikiano wote.

"Aandike nimeitoa mimi," mama akasema. "Kwa roho yangu. Siyo kwamba amenikamata nayo."

Nikatafsiri, nikiona aibu kumsahihisha askari karatasi yake. Akafikiri. Akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, akaongeza mstari: imetolewa na mwenyewe, kwa hiari. Kisha akatugombeza, na aligombeza vizuri, kama mjomba. Mngeweza kufa, akasema. Ningeweza kuwaua. Mara nyingine pigeni simu.

"Mara nyingine?" mama akaniuliza, macho yamemtoka. "Iko ingine?"

Tulirudi Ingleburn. Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka polisi, mama akanipigia, na kwa mara ya kwanza akaniambia niisome pale pale, kwa simu, binti yake akiwa ameielekeza kwenye kamera. Hakuna hatua zaidi itakayochukuliwa. Binti akaanza kumtafsiria, mama akamwambia anyamaze, anataka kuisikia kwa mwalimu. Nikaisoma mara tatu.

Kiapo kilifanyika kwenye ukumbi, pamoja na watu wa mataifa mengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Nilikaa nyuma na binti yake, ambaye alikuwa amebadilishana zamu. Mama alisimama mstari wa pili, amevaa gauni alilojishonea, anafuata maneno kwa midomo, nusu hatua nyuma ya wenzake. Binti alikuwa analia bila sauti, akanisukuma kwa kiwiko. "Ameyasema," akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Ameyasema yote."