Wanawake Waliobeba Mchanga

"Na kwenu, nani alijenga mahali mnaposali?"

Swali hilo niliulizwa ugenini, mwanangu. Usinicheke kwa kukuita hivyo. Shangazi yako hana mvi bado, lakini wewe unaanza chuo mwezi ujao, nami nina la kukuambia.

Aliyeniuliza alikuwa mzee mtunza funguo za kanisa katika kijiji kimoja cha Uingereza, kidogo mno, unakizunguka chote kabla chai haijapoa. Nilikwenda kuandika historia yake kwa ajili ya shahada yangu. Mzee alinionyesha ubao wenye majina ya mapadri wote waliopita, kisha tukatoka nje, akaupapasa mnara. "Mawe haya waliyabeba wanawake wa hapa, kutoka mtoni, kwa aproni zao." Nikaandika haraka na kupiga mstari chini. Sikumdai ushahidi. Ndipo akaniuliza habari za kwetu, na kalamu ikanisimama mkononi.

Kwa maana maneno kama yale nilikwisha kuyasikia Kariakoo, kwa babu yangu mshona kanzu. Aliniambia kuwa mchanga wa kujengea msikiti wa mtaa wetu ulibebwa na wanawake, kila baada ya Alasiri, makarai kichwani. Mimi, mwaka wa pili chuoni, nikamjibu mbele ya wateja wake: "Babu, una ushahidi gani? Kibao cha mlangoni kinataja wenye maduka tu."

"Kibao huandikwa na wenye kalamu," akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuigusa tena habari ile.

Basi nikampigia simu kutoka kule kijijini. "Shikamoo Babu. Wale wanawake walikuwa kina nani?"

"Marahaba. Ala! Leo msomi anataka habari isiyo na karatasi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Majina ninayo yote. Njoo tukae. Watu wazima hawatajwi kwenye simu kama bei ya nyanya."

Nikasema nimalize kwanza kuandika juu ya kanisa. Babu alizikwa nikiwa kwenye sura ya nne. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ni mimi. Hadi leo nikipita mtaa ule nikasikia cherehani, miguu hupunguza mwendo yenyewe, kana kwamba ataniita.

Sikukatazi kuuliza, mwanangu. Mimi mwenyewe sijaacha. Lakini usimwamini mzee wa watu kwa kikombe cha chai, halafu wa kwenu ukamsimamisha kizimbani. Mkataa kwao mtumwa. Uliza ili ujue, si ili ushinde, na uulize mapema. Mungu akupe masikio kabla hajakupa shahada, na wazee wako akuwekee.

Miaka sita baada ya mazishi, kikongwe mmoja wa Buguruni alinitajia mmoja wa wale wanawake, wa pekee aliyemkumbuka. Alikuwa mama yake Babu, yule ambaye mimi nimepewa jina lake.