Tangu Maji Taka ya Mji Yaje Shambani Kwetu, Sina Jirani

Wasomaji wa ukurasa huu, pokeeni salamu zangu. Nimeomba jina langu lifichwe, na majina mtakayoona humu si yenyewe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane, naishi huku kwenye majani chai kati ya Kericho na Bomet. Nina msichana mmoja tu, Chebet, ameolewa Mulot. Nyumbani niko peke yangu na ng'ombe wawili. Ninawaandikia nyinyi kwa sababu nina jambo la kuamua na sina mtu wa kuongea naye.

Yote yalianza baada ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mji wetu ulikuwa bado unatumia matangi ya maji taka yaliyojengwa wakati wa mkoloni, wakati mji ulikuwa maduka machache tu. Matangi yalikuwa yamepasuka, na uchafu wa vyoo uliteremka mpaka kwenye kijito tunamochota maji sisi wa huku chini. Watoto walikuwa wanaugua taifodi kila mara. Chebet wangu alilazwa mpaka nywele zikamtoka.

Chifu akaita baraza, akaja na injinia wa manispaa. Injinia alisema matangi hayo hayawezi kurekebishwa tena. Kunatakiwa mabwawa makubwa ambayo maji yatatulia humo na kusafishika kabla ya kuingia kijitoni, na mahali panapofaa ni kwenye mteremko wetu. Watu wakapiga kelele, "Mavi ya mji yabaki mjini!" Mume wangu, Baba Chebet, alingoja kelele ipungue, ndipo akasimama.

"Hayo mavi tayari tunayanywa," akasema. "Mimi nitatoa shamba."

Fidia tulipewa, hapo sina malalamiko. Lakini siku trakta ilipong'oa sehemu kubwa ya chai yetu, hakuna jirani aliyekuja hata kutuambia pole. Mwaka wa kwanza harufu ilikuwa mbaya kweli, siwezi kudanganya. Baadaye ilipungua, matete yakaota, bata wa mwitu wakaanza kutua. Kijito nacho kikasafika hata unaona mawe chini. Watu waliendelea kuchota humo, lakini wakaacha kuingia kwangu.

Kwenye kituo cha kupimia majani, nikiweka kikapu changu wenzangu walisogeza vyao. Maziwa yangu yakakosa wanunuzi. Ilipofika zamu yangu ya maombi ya akina mama wa kanisa, nilipika, nikatandika vitambaa, nikakaa mlangoni. Hakuna aliyefika. Siku iliyofuata niliuliza kituoni kulikuwa na shida gani. Aliyenijibu ni Rael, jirani yangu, ambaye tulichuma chai pamoja tangu tukiwa maharusi, na ambaye nilimlelea mtoto wake yeye alipolazwa hospitali.

"Lakini Mama Chebet, watu wangekaa wapi na hiyo harufu?" akasema, na wote wakacheka.

Nilicheka pia. Nilipofika nyumbani nikalia.

Baba Chebet alikuwa ananiambia, "Watazoea, wape muda." Yeye muda huo hakuupata. Kifua kilimsumbua, akafariki, na watu wakasema ameuawa na mabwawa yake, ingawa daktari alisema ni pumu aliyokuwa nayo tangu utotoni. Mazishini walikuja, wakasimama kando ya ua, pasta alipomaliza wakaenda. Chakula tulichowapikia kilirudi jikoni vile kilivyotoka, sufuria zimejaa. Mimi na Chebet tulikaa katikati ya zile sufuria.

Sasa Chebet ana watoto, lakini mume wake hataki walale kwangu. Kuna siku sauti ya kwanza ninayoisikia ni ya redio na ya mwisho ni hiyo hiyo ya redio. Naongea na ng'ombe. Mkicheka sitawalaumu.

Wiki jana nilisikia hodi. Alikuwa Rael. Tangu mabwawa yachimbwe hajawahi kuingia nyumbani mwangu. Alikaa, akaanza kueleza. Mji umekua, mabwawa yamejaa, na injinia anataka kuongeza mengine mawili upande wa chini, kwenye chai ya Rael. Yasipochimbwa, maji yataanza kupita kabla hayajasafishika, na kijito kitarudi kuwa kama zamani. Mume wake anafanya kazi Nakuru, na amemwambia aamue yeye anayeishi hapo.

"Mama Chebet, wewe ulipitia hii," akasema. "Hebu niambie ukweli. Watu walikufanyia nini?"

Nilimwangalia usoni nikidhani ananichokoza. Hakuwa ananichokoza. Wasomaji, yule mama amesahau. Kwake yalikuwa maneno ya siku moja tu.

"Ukisema nikubali, nitakubali," akaendelea. "Ukisema nikatae, nitakataa. Injinia anarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Nilimwambia anipe nafasi nifikirie. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikimweleza yote niliyoyaona, atakataa, na watoto wataanza tena kunywa uchafu, kazi ya mume wangu iwe bure. Nikimwambia akubali, wale wanaonitenga watamtenga na yeye. Na jambo ambalo siwezi kulisema kanisani ni hili: nikifikiria Rael akiwa peke yake ng'ambo ya ua, bila mtu mwingine wa kuongea naye isipokuwa mimi, moyo wangu unafurahi. Ninaona aibu, lakini unafurahi.

Dada zangu na kaka zangu, nishaurini. Nimwambie nini kabla ya Jumamosi hiyo? Na nikiamua kumweleza vile watu walivyonifanyia, nitaanzia wapi bila kumwambia kwamba mmoja wao alikuwa yeye?