Humusi ya Bakari

Nilikwenda Gisenyi kugombana. Wengine husafiri kutalii, wengine kuzika. Mimi nilipanda basi kwa sababu jina langu liliandikwa kwa chaki juu ya maharage.

Mimi na Sefu tulipika pamoja miaka kumi na miwili katika mgahawa mmoja wa Mwanza, na kazi yetu kubwa ilikuwa humusi: dengu za Shinyanga zilizolowekwa usiku kucha, zikachemshwa hadi zikalegea, zikasagwa na ufuta, ndimu na kitunguu saumu. Basi. Anayetia kitu kingine ana lake jambo. Tena ni lazima umenye dengu moja moja, hata ziwe ndoo nzima. Sefu alikuwa akisema maganda hayajaua mtu. Siku moja tulirushiana maneno juu ya maganda hayohayo, nikamwambia hajui kupika. Akavua aproni, akarudi kwao Gisenyi bila kuniaga. Miaka miwili kimya. Kisha dereva mmoja wa lori akanitumia picha ya kibanda cha Sefu, na ubaoni: HUMUSI YA BAKARI, YA MAHARAGE. Bakari ni mimi.

Alfajiri niliondoka Mwanza na kilo mbili za dengu begini, kama ushahidi. Pale Rusumo askari wa mpakani akaniuliza nakwenda Rwanda kufanya nini. Nikamjibu, kusafisha jina. Akanitazama kidogo, akagonga mhuri.

Kesho yake mchana, baada ya kulala Kigali, nilishuka stendi ya Gisenyi na kumuuliza kijana wa pikipiki kama anajua wanapouza humusi.

"Humus? Mi najua. Iko kule juu, Mudende."

"Dereva wa lori aliniambia Mbugangari, hapahapa mjini."

"Hapana, papa. Ile ya muzuri iko Mudende. Iko mweusi sana."

"Nyeusi?"

"Mweusi kabisa. Wanachanganya na mavi ya ngombe, donc, ndiyo maana iko na nguvu."

Nilipanda pikipiki nimelikumbatia begi langu. Sefu, nikasema moyoni, umefika huku?

Mudende kuna baridi ya kuuma masikio, na kila upande ni viazi. Kijana alinishusha kwa mkulima mmoja, Mama Diane, aliyenipeleka nyuma ya zizi na kufunua rundo kwa fahari. Ulikuwa udongo, mweusi kweli.

"Shamba yako iko kubwa?" akauliza.

"Sina shamba, mama. Nimekuja kuonja."

Akamwangalia kijana, kisha akanisemesha polepole, kama unavyomsemesha mgonjwa. "Papa, huku ni mwanamuke wa mimba tu anakula udongo. We uko na shida gani?"

Ndipo nikaelewa. Kwa Kifaransa chao, humus ni udongo wa majani na samadi iliyooza, na hakuna mkulima wa pale asiyeijua. Kijana alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Mimi nilicheka pia, ila nilichelewa. Mama Diane akanipa viazi vya kuchemsha na maziwa, na nilipoaga akanijazia mfuko wa ule udongo. Alisema mugeni hatoki mikono mitupu.

Jioni tukateremka Mbugangari. Sefu alikuwa anatwanga. Aliponiona, mchi ukabaki hewani. Hotuba niliyoitunga tangu Rusumo ilinipotea yote, nikabaki na maneno matatu.

"Futa jina langu."

"Kaa kwanza ule, Bakari."

"Futa kwanza."

Akachukua kitambaa kibichi, akausogelea ubao. "Dengu huku ni za kubahatisha," alisema, "maharage yapo. Lakini nayamenya. Moja moja."

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu nije. Nikiacha ganda moja nasikia sauti yako. Wateja wakiuliza Bakari ni nani, nawaambia ni mtu ambaye angekuwepo asingekubali."

Kumbe miaka yote miwili nilikuwa na hamu naye, nami nikaiita hasira. Nilimnyang'anya kitambaa nikakiweka mbali. Kisha nikakata chapati, nikachovya, nikala. Yalikuwa matamu. Nasema hivyo mara moja na sirudii.

"Ndimu haitoshi," nikamwambia.

"Nilijua utasema," akasema, akaniletea aproni.

Nilikaa siku tatu. Siku ya kuondoka tulijaza ule udongo wa Mama Diane katika kopo la mafuta, tukafukia dengu chache, tukaliweka mlangoni ili naye awe na za kwake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaza jambo moja: mtu anaweza kusafiri siku mbili kwenda kugombana, kumbe miguu inampeleka kuomba radhi. Na radhi niliiomba, pale stendi, basi likiwa linanguruma. Kuhusu maharage sijabadili mawazo.

Jana Sefu kanitumia picha ya kopo: "Ndugu yangu, dengu zako zimeota." Nikavaa miwani. Majani ya dengu ni madogomadogo. Haya ni mapana, yamekaa matatu matatu. Ni maharage.

Begi nimeshalishusha kutoka juu ya kabati.