Shokabzoba Iliyofungwa na Ngozi

Haya, nyinyi wote mko hapo, sogezeni viti karibu, na yule anakula aweke sahani chini kwanza. Sitaki lawama. Hii stori nilishawahi kuisimulia mahali, daktari wa ng'ombe akatoka nje kutapika, na yeye ni mtu wa kuingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka bega.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Machakos. Kibanda ya mabati kando ya soko, mashine moja, ndevu moja. Ndevu bado mnaiona, lakini siku hizo ilikuwa ndefu, nikipiga chafya inapangusa meza.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia harufu. Gari yenyewe haijafika, harufu imetangulia kama askari wa chifu. Jirani yangu, mama wa kuuza muthokoi, yale mahindi meupe ya kukobolewa, akafunika sufuria.

"Fundi, umekufa?"

"Bado, mama."

"Basi kuna mtu anakuja kukuonyesha vile inafanywa."

Kidogo hiyo gari ikaingia, jipu kuukuu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa bucha, hiyo ndiyo ilikuwa inambebea nyama kutoka kichinjio. Upande wa nyuma kulia ilikuwa inaruka kama chura. Ndani kulikuwa na kijana wake amevaa suti, na mbuzi tatu.

"Fundi, niokoe," mzee akasema. "Leo tunapeleka ntheo Mitaboni."

Sisi Wakamba, ntheo ndiyo mbuzi za kufungua njia ya kuoa. Tatu. Na moja lazima iwe nthenge, ile beberu kubwa yenye ndevu na harufu, ichinjwe siku hiyo hiyo. Bila nthenge hujaoa, umetembea tu. Sasa msichana wa huyo kijana alikuwa anashona nguo kiwandani Athi River, na alikuwa amepewa ruhusa Jumamosi hiyo peke yake. Na kuna familia ingine ya matajiri ilikuwa imeshabisha hodi.

"Tukikosa leo," mzee akasema, "huyu kijana ataoa hii jipu."

Nikapiga jeki, nikaweka magogo, nikalala chini nikaingia. Eee! Heri ningeingia kaburini.

Ile mkono ya chuma iko kwa ekseli, ile inashikilia shokabzoba huku chini, ilikuwa imekatika. Hiyo si shida, hiyo ndiyo kazi yangu. Shida ni vile mzee alikuwa ameirekebisha mwenyewe. Alikuwa ameifunga na ngozi mbichi ya ng'ombe! Ameizungusha, ameizungusha, mpaka ikawa kubwa kama kichwa ya mtoto.

"Mzee, nani alifanya huu uchafu?"

"Mimi. Ngozi mbichi ikikauka inashinda chuma. Babu yangu alifunga mzinga wa nyuki hivyo, na uko mtini mpaka leo."

"Babu yako alikuwa anaendesha mzinga barabara ya Mitaboni?"

Na kweli, wakati wa jua ilikauka ikawa mawe. Lakini mvua ilipoanza, ikanywa matope, ikanywa damu inadondoka kutoka kwa nyama juu, ikavimba, ikaoza. Ilikuwa inapumua. Nikaigusa na kisu na ikafunguka kama mdomo, na ndani, jamani, ndani kulikuwa na funza. Weupe, wanene, wamejaa kabisa. Nikapiga kelele, "Ni kama muthokoi!"

Wateja wa yule mama wakaangalia sahani zao. Wakaangalia mimi. Wakaondoka wote, na mmoja alikuwa bado ameshika kijiko. Mama akanitupia mwiko, na ilinipata.

Lakini ubaya haujafika. Nilikuwa nimelala chali, namtukana mzee vizuri, mdomo wazi, na funza mmoja akaanguka ndani.

"Umemeza?" mzee akauliza.

"Sijui!"

"Basi usimeze tena, angalia kwanza."

Nikatoka hapo nikitema mate mpaka Machakos nzima ikapata matope. Wenzake wengine walikuwa wamejificha ndani ya ndevu, nikawa nawatoa kama mtu anachambua mchele. Mzee akasema ninyoe. Nikamwambia heri ninyoe kichwa ya mtoto wake.

"Sasa si uchome tu juu yake?" akasema. "Wakwe wananingoja."

Hapana. Chuma haishikani juu ya uchafu. Ukichoma juu ya mafuta, weldi inatoka na matundu kama mandazi, na shimo ya kwanza tu inaachia. Ikabidi nikate hiyo kitu yote, nikwangue, nipige brashi ya waya mpaka chuma ing'are. Na brashi ya waya, mnajua, inarusha. Ilinirushia macho, masikio, pua. Nilikuwa nanuka mpaka nzi wa Kitui walikuwa wanakuja na kutuma wengine kuita wazee.

Halafu nikawasha moto. Yale mafuta ya ngozi ilikuwa imebaki kwa pembe ikaanza kukaanga, na harufu ikageuka. Ikawa nyama choma! Mbwa wa soko wakaja wakapanga foleni. Na mimi, Mungu anisamehe, tumbo yangu ikanguruma. Hiyo ndiyo ilinichukiza kushinda funza. Nilitaka kujipiga kofi.

Nikakata mkono mpya kutoka kwa chesisi ya lori kuukuu, nikaupima na ule wa upande mwingine usiende kombo, nikachoma kidogo huku, kidogo huku, ekseli isipinde. Mzee akaleta kopo ya maji apoze. Nikamnyang'anya. Weldi ya moto ukimwagia maji inapasuka. Ipoe yenyewe, kama hasira ya mama mkwe.

Maji ya kunawa sasa hakuna, mfereji ulikuwa umekauka mji mzima, na hiyo ya kopo mbwa walishakunywa. Nikajipaka petroli na sabuni ya unga. Nikawa nanuka maiti mlevi. Na mzee akasema, "Panda. Ikivunjika njiani, wewe uko hapo."

Mvua ikatupiga njia yote, na nyuma, mahali nilikaa na mbuzi, ni wazi. Nilikuwa nahesabu shimo na roho mkononi, macho kwa gurudumu tu, lakini shokabzoba ilishika. Ule mkono nilichomelea haukutingika! Nilikuwa karibu kuimba. Tukifika kilima cha mwisho, kijana akageuka, akasema, "Baba, nthenge iko wapi?"

Nikaangalia. Mbuzi mbili. Na kamba ya tatu imelegea hapo kama utumbo.

"Mzee," nikasema, "hizi mbuzi ulizifunga na nini?"

Akaangalia pembeni. "Ngozi mbichi."

Ikilowa inalegea! Funza wote hao hawakumfundisha! Tukapita sokoni Mitaboni kutafuta ingine, si siku ya mbuzi, ni kabichi tu. Kijana akaanza kulia juu ya suti.

Tukaingia hivyo hivyo. Wazee wa msichana wamekaa, msichana amesimama mlangoni, na mbele ya wote ni susu yake, nyanya mzee sana, macho imekwisha kabisa, lakini neno lake ndilo la mwisho. Yeye ndiye anapokea, kwa kupapasa. Mimi nimechuchumaa katikati, nashikilia zile mbili zisiruke.

Susu akapapasa ya kwanza. "Sawa." Akapapasa ya pili. "Sawa." Mzee wa bucha akafunga macho. Mkono wa susu ukakuja, ukatafuta, ukashika ndevu yangu, ukaivuta. Akainama. Akanusa, moja ndefu. Uso wote ukafunguka kwa furaha, akapiga kelele:

"Yii! Nthenge kama hii sijanusa tangu niolewe! Tumepokea! Leteni kisu!"