Mkono Usioandika

Wanafunzi walimwita Daktari Vidole, naye jina hilo alilipenda, kwa kuwa hakujua kwamba nusu yake ni tusi. Alifundisha historia katika darasa la watahiniwa, chumba chenye madawati arobaini na dirisha moja lisilofunga. Kila Jumamosi aliwaandikisha insha tano kwa saa tatu mfululizo, huku akipita kati ya madawati na fimbo aliyoizungushia utepe wa umeme ili isipasuke.

Usimcheke kabla hujajua alikotoka. Ujanani alisoma kufa na kupona, akaingia kwenye mtihani wa mwisho akiwa na majibu yote kichwani, na katika saa ya pili mkono ukamkaza. Vidole viligoma. Akaupiga mkono huo juu ya dawati hadi ngozi ikachubuka, msimamizi akamwambia aache kelele, na maswali mawili yakabaki meupe. Chuo cha udaktari kikampita hivihivi, akabaki na chaki. Hasira ile hakuimeza wala hakuitema. Aliingia nayo darasani kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili.

Na haki yake tumpe: mambo ya mkono aliyajua. Kila kalamu aliivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli, inenepe, isimchimbe mtu kidole. "Kalamu haikabwi koo," alisema. "Ishike kama kifaranga: asikutoroke, asife." Mkono utembee kuanzia begani, si vidole peke yake. Ulale mezani mpaka kiwiko. Ukimaliza swali, weka kalamu chini, kunjua vidole, kung'uta mkono kama umetoka kunawa, hesabu kumi, endelea. Yote hayo ni kweli, na wengi aliwasaidia.

Ila aliyekutwa ameikaba kalamu mpaka kucha zimekuwa nyeupe, alikula fimbo. Na hapo ndipo Daktari Vidole alipojiona mtu wa huruma: mwezi wa mtihani hakugusa mkono wa kulia. "Toa ule usioandika," aliagiza, na mtoto akanyoosha kiganja cha kushoto. Zilishuka tatu, nne, hata sita kama ameamka vibaya. Aliyepigwa alirudi kuandika mwili mzima umekakamaa, akaikaba kalamu kuliko mwanzo, akapigwa tena. Mtu mwenye akili timamu angeuona ujinga huo mchana kweupe. Yeye hakuuona.

Aliyepigwa kuliko wote alikuwa binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka saba. Nyumbani alimwita baba mdogo, darasani Mwalimu. Alikuwa na kichwa chepesi, na chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwekea nafasi moja akifaulu. Asipofaulu, hapakuwa na mlango mwingine.

Lakini jambo moja lilimtia baba mdogo wazimu. Kazi za nyumbani binti aliziandika kwa mwandiko mzuri ajabu. Darasani, mbele ya macho yake, herufi ziliyumba kama mlevi, na saa moja haijaisha tayari amejishika kifundo cha mkono wa kulia, machozi yanamtoka.

"Nani anakuandikia kazi zako?" alimuuliza siku moja, madaftari mawili mkononi.

"Naandika mwenyewe, Mwalimu."

"Mwongo!" Akamzaba kofi lililomgongesha kichwa kwenye ubao. Wenzake waliinamisha vichwa, wakaendelea kuandika.

Jumamosi ya mwisho, siku mbili kabla ya mtihani, binti alisimamisha kalamu katikati ya insha ya pili. Mkono wa kulia ulikuwa umemkaza. Daktari Vidole alimwona, akayaona na maswali yake mawili meupe, damu ikamchemka. Safari hii hakusema toa. Aliukamata mwenyewe ule wa kushoto, akaubamiza juu ya dawati, akaigeuza fimbo na kumpiga kwa kitako chake kinene. Pigo la kwanza, la pili. La tatu lilitoa sauti kavu, na binti akapiga ukelele mmoja tu. Kidole kidogo na cha pete vilikuwa vimepinda kwenda upande usio wao.

"Shukuru si wa kulia," alisema akihema, akarudi kwenye meza yake kusahihisha.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyempeleka binti zahanati. Waliporudi, vidole viwili vimefungwa pamoja na kijiti, mumewe alikuwa ameketi jikoni anasubiri chakula, fimbo ameiegemeza ukutani.

"Unajua umevunja nini?" mkewe aliuliza.

"Usioandika. Jumatatu ataandika kwa wa kulia kama kawaida."

"Baba watoto, mtoto huyu ni mashoto."

Daktari Vidole akacheka. Tabia hiyo alishaimaliza kwa fimbo binti akiwa darasa la pili, alisema. Samaki mkunje angali mbichi.

"Hakuacha. Alijificha. Kazi zote zile ulizompigia aliziandika hapahapa, kwa kushoto, mimi nimesimama mlangoni usije ukamkuta. Na chumba cha mtihani wewe huingii. Ndiyo Jumatatu tuliyokuwa tunaingoja."

Mke akaichukua fimbo.

"Toa mkono," alisema. "Ule unaoandika."

Hakuyaamini masikio yake, lakini mkono ulitoka wenyewe. Mkewe hakumpiga kwa mzaha. Alimpiga kwa hasira ya miaka yote aliyosimama mlangoni, vifundo vikapasuka, na mwanamume aliyewaliza watoto wa watu akapiga magoti sakafuni. Kisha mkewe akambandika kalamu katika mkono wa kushoto, akamsukumia karatasi.

"Haya, bingwa. Andika jina lako."

Alijaribu, ikatoka mikwaruzo. Aliikaba kalamu mpaka kucha zikawa nyeupe, maumivu yakampanda hadi kwenye kiwiko kabla ya jina la pili, akaiachia, akalia kwa sauti. Binti alikuwa amesimama nje ya mlango. Alitazama, akaenda kulala.

Jumatatu walimu hawakuruhusiwa kuvuka lango. Daktari Vidole alisimama ng'ambo ya barabara, mkono uliovimba mfukoni. Mtihani ulianza saa mbili. Ilipofika saa tatu alijua mkono wa kulia wa binti umeshakufa ganzi. Saa nne alitamani kuruka ukuta akamwangukie msimamizi, amweleze kila kitu. Majuto ni mjukuu, watu husema, na yeye mjukuu wake alikuwa amezaliwa mapema.

Saa tano kengele ikalia. Binti alitoka wa mwisho. Bendeji ya mkono wa kushoto ilikuwa imejaa wino, na penye wino palikuwa na damu; midomo imevimba kwa kung'atwa. Mama mdogo wake, aliyekuwa ameketi langoni tangu asubuhi, alimkimbilia.

"Umejibu mangapi, mwanangu?"

"Yote matano."

Daktari Vidole alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, dereva mmoja akamtukania mama yake. Furaha ilimpanda akasahau yeye ni nani.

"Matano! Na vidole vimevunjika! Umeona sasa? Uliilegeza kalamu, siyo? Kama nilivyokufundisha?"

Binti alirudi nyuma hatua moja, akauficha mkono nyuma ya mama mdogo.

"Ililegea yenyewe, Mwalimu," alisema. "Hukuwemo chumbani."