Gari la Mzee Rehani Halijawahi Kufeli

Ukitaka ugomvi na Mzee Rehani wa Korogwe, mwambie tu gari lake la spoti ni bovu. Weee! Atakusema mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. Gari lenyewe ni jekundu, milango miwili, pua ndefu, na limekaa chini kiasi kwamba kuku akikatiza barabara anatazamana na dereva. Wenye akili zao wangelishaliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Yeye hata usimtajie.

Alilipata Ngombezi, kwenye shamba la mkonge alikozaliwa. Baba yake alikata mkonge mpaka mgongo ukagoma. Rehani hakulitaka panga. Akajisogeza karakana ya kiwanda, akashika spana, na kazi ikamkubali. Meneja mmoja alipokuwa anaondoka nchini aliliacha hilo gari limekufa injini, akamwambia, "Ukiliwasha, lako." Ilimchukua miaka mitatu. Siku lilipounguruma, akina mama wa kambini walipiga vigelegele, naye akalia mbele za watu, mwanaume mzima, wala hakuona haya.

Alipofungua gereji yake Korogwe, gari ndilo likawa cheti chake, maana chuo hajakanyaga. Mteja mpya akisitasita, Rehani humpeleka akaone kioo cha pembeni: stika kumi na moja za ukaguzi wa trafiki, mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mwaka mmoja lilioambiwa likarekebishwe kwanza. "Lina zaidi ya miaka arobaini hili," husema. "Haya, nitajie fundi mwingine."

Kisha kikaja kisukari. Kilianza miguuni, kikapanda mpaka vidole vya mikono. Mwaka juzi vidole viliingia ganzi, akawa anashika nati bila kujua kama ameishika. Hakumwambia mtu. Lakini mke utamficha nini? Bi Zuena alimwona anafunga vifungo vya shati huku anavikodolea macho.

"Baba Ikram, funga gereji. Breki za watu si mchezo."

"Gari litasema lenyewe," akajibu. "Siku likifeli ukaguzi, siku hiyohiyo nafunga."

"Litafeli vipi, na mkaguzi ni Benedicto?"

Hapo alimchoma. Benedicto sasa ni koplo wa trafiki, lakini ufundi wote aliujulia kwa Rehani, chini ya magari, uso umejaa grisi. Kila mwaka gari jekundu likiingia uwanjani, Benedicto huacha foleni yote akaja mbio. "Shikamoo fundi!" Atalizunguka mara moja, atagonga bodi kidogo, stika hiyo. Miaka yote Rehani alijua hilo ni jicho lililofundishwa likafundishika. Leo mkewe anamwambia eti ile ni salamu tu!

Akanuna siku mbili. Siku ya tatu akafungua breki za gari lake, akazifunga upya kwa mikono yake, akaondoka asubuhi kwenda Handeni, ambako hakuna trafiki anayemjua. Alitaka kurudi na stika amwekee Zuena mezani, yaishe. Njiani, kila alipokanyaga breki, gari lilivuta kulia. Akailaumu barabara.

Handeni alikutana na sajenti aliyeitwa Naitoi, binti mrefu wa Kimaasai, mwenye adabu zake. Alimwamkia vizuri, akamwuliza habari za safari, kisha akafanya jambo ambalo Benedicto hakuwahi kulifanya: akaomba jeki. Akafungua tairi la nyuma, la kushoto, akamulika tochi ndani.

"Mzee, hebu njoo uone."

Springi ya breki ilikuwa inaning'inia, haikuingia kwenye tundu lake. Nati ambayo inatakiwa kukazwa kwa nguvu za mtu, Naitoi aliizungusha kwa vidole viwili.

"Hizi breki kakufungia nani?"

"Fundi mmoja wa Korogwe."

"Usimrudie tena, mzee wangu. Huyo ataua watu."

"Nitamwambia," akasema Rehani.

Gari likabaki kituoni. Alirudi kwa basi, mikono ameikalisha mapajani, anaitazama. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na majonzi yaliyomzidi kimo. Alipoingia ndani hakungoja kuulizwa. "Nimefunga gereji," akasema. Zuena, aliyekuwa amelingoja neno hilo miaka miwili, alipolisikia akalia.

Rehani akampigia Benedicto.

"Umewahi kufungua tairi la gari langu? Hata moja?"

"Fundi, wewe ni baba yangu. Mimi nianzie wapi kukukagua wewe?"

"Kwenye breki, Benedicto! Uanzie kwenye breki!"

Ndipo alipomkumbuka Ledama. Ledama ni mfugaji wa Mazinde, na wiki iliyopita tu Rehani alikuwa amemfungia breki za pikapu yake. Hupakia mbuzi wa mnadani, na mkewe Nalotuesha na watoto hukaa hukohuko nyuma na mbuzi. Akampigia, akamsihi asiliendeshe gari hilo. Ledama akacheka mpaka akakohoa. "Mzee Rehani, acha utani! Kesho mnada. Wewe tangu lini ukakosea?"

Akampigia Benedicto tena. "Nenda Mazinde sasa hivi. Fungua matairi yote manne. Likague kama la mtu unayemchukia."

Benedicto akaenda kwa pikipiki. Rehani hakula mchana huo. Alasiri simu ikaita.

"Fundi, nimefungua yote manne. Umefunga vizuri sana, hata mimi nisingeweza. Nimemwambia Ledama aende tu mnadani."

"Alhamdulillahi," akasema Zuena, akashusha pumzi.

Rehani hakushusha. Huenda ilikuwa kweli. Huenda siku ile vidole vilikuwa na uhai bado. Lakini sauti ya Benedicto ilikuwa laini mno, na mzee huyu anayeweza kusikia ubovu wa injini ikiwa ng'ambo ya barabara, sauti hiyo ilimshinda. Hakujua kama ameambiwa ukweli au amesitiriwa.

"Mama Ikram, nitafutie namba ya kituo cha Handeni."

"Ya nini tena? Kwani humwamini Benedicto?"

"Ananipenda mno," akasema. "Nitafutie mtu asiyenijua."